Muundo wa Taka za Nyumbani na Kwa Nini Unaamua Matokeo ya Tathmini ya Mazingira

Muundo wa taka ni mgawanyo wa taka kwa uzito: katika kila kilo 100 zinazotoka majumbani, ngapi ni mabaki ya chakula, ngapi karatasi, plastiki, vioo, vyuma, nguo na kadhalika. Anayetathmini athari za dampo au tanuri la kuchomea taka huanzia hapo, maana kila fungu lina tabia yake.

Mabaki ya chakula yakifukiwa pasipo hewa, bakteria huyaozesha na kutoa methani. Kwa kipindi cha miaka 100, gesi hiyo huongeza joto la dunia takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Plastiki ikifukiwa hapohapo karibu haitoi methani. Ichome sasa: kilo moja ya polithini, plastiki ya mifuko, ikiungua yote hutoa kilo 3.1 hivi za kaboni dioksidi, na kaboni hiyo ilikuwa imelala ardhini ndani ya mafuta. Basi ukiuliza kipi bora, dampo au tanuri, kwanza sema taka zenyewe ni zipi.

Unyevu nao si jambo dogo. Taka zilizojaa chakula zimejaa maji, na tanuri hutumia joto kuyakausha kabla ya kupata nishati yoyote ya ziada ya kuzalisha umeme. Tena mafungu hutegemeana: plastiki na karatasi zikitolewa kwenda kurejelezwa, taka zinazobaki huwaka kwa shida zaidi. Tathmini isiyogusa hilo huahidi umeme ambao hautapatikana.

Kosa linalonikera ni kuazima takwimu za nchi nyingine. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 inaonyesha kwamba chakula na majani ni asilimia 56 ya taka katika nchi za kipato cha chini, ila asilimia 32 tu katika nchi tajiri. Ukiweka 32 palipo na 56, methani ya dampo itaonekana ndogo mno, na mradi wa mboji, ambao ungeepusha methani hiyo, utakataliwa bila haki.

Hata vipimo vya hapohapo vinataka uangalifu. Kikopo cha plastiki chenye mabaki yaliyoganda kikipimwa kama kilivyo, uzito wa chakula na maji unaandikwa kuwa plastiki. Ripoti nzuri husema sampuli zilichukuliwa majumbani au dampo, msimu gani, na kama uzito ni wa taka mbichi au zilizokaushwa.