Sahani ya mgonjwa aliyelazwa ailipie nani?

Kila inapozuka habari ya gharama za hospitali, swali hili hurudi: mgonjwa aliyelazwa alipie chakula chake mwenyewe, au hospitali imlishe? Mimi ni mtaalamu wa lishe, nafanya kazi wodini hapa Moshi, na jibu langu nalitoa mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Hospitali impikie kila aliyelazwa. Mwenye uwezo achangie, na mchango huo uingie ndani ya malipo ya kitanda au bima, asiuziwe sahani moja moja. Asiye na uwezo ale bila kudaiwa chochote pale kitandani. Yanayofuata ni sababu zangu.

Kwanza tukubaliane kwamba huku kwetu mgonjwa tayari analipa. Nenda kwenye lango la hospitali kubwa mjini, Moshi au Arusha, dakika chache kabla ya muda wa kuona wagonjwa. Utawakuta ndugu wamejipanga na vikapu: hotpoti ya wali, chupa ya chai, kidumu cha uji, ndizi mbivu kwenye mfuko. Vyote hivyo vina gharama yake. Kuna nauli ya daladala kwenda na kurudi, mara mbili au tatu kwa siku. Kuna mkaa au gesi. Kuna dada aliyefunga genge lake sokoni Mbuyuni kwa sababu mama yake kalazwa, na siku asipouza hana cha kupika. Gharama hizi haziandikwi kwenye bili, kwa hiyo wanaopanga bajeti hawazioni, lakini zinatoka mfukoni mwa watu walewale.

Huyo ni mtu wa mjini, wa Pasua au Majengo. Sasa mchukue mgonjwa wa rufaa. KCMC ya hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini nzima: Kilimanjaro, Arusha, Manyara, Tanga. Hospitali ya namna hiyo, kwa jinsi ilivyokusudiwa, inapokea watu ambao kwao ni mbali. Kutoka Same ni karibu kilomita 100, na hakuna uji unaotoka Same ukafika Moshi ukiwa wa moto. Kutoka Simanjiro, Kiteto au Loliondo tusiseme. Familia hizo humwacha ndugu mmoja mjini amuuguze mgonjwa. Naye analala anapopata, anakula kwa mama ntilie, na kile anachonunua anakigawa nusu kwa nusu. Hapo familia inalisha vinywa viwili kwa bei ya mjini, na huko nyumbani hakuna anayelima.

Tulifikaje hapa? Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu ya serikali yalitolewa bure kama haki ya mwananchi. Hali ya uchumi ikabana, na mwaka 1993 uchangiaji wa huduma za afya ukaanza. Makundi kadhaa yakawekewa msamaha: wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wasiojiweza, wagonjwa wa kifua kikuu. Ni mpango wa maana, na nimeona watu wengi wakiokoka kwa huo. Ila msamaha unafuta bili ya kitanda, kipimo na dawa. Pale ambapo hospitali haina jiko, hauna sahani ya kumpa mtu.

Mimi nakihesabu chakula ndani ya tiba, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaobishana juu ya jambo hili huongea kana kwamba tunabishania soda.

Chukua mgonjwa wa kisukari anayechomwa insulini. Nesi anapita na sindano kwa ratiba. Insulini ikishaingia mwilini inaanza kushusha sukari, haisubiri daladala la kutoka Marangu. Kama chai na mkate vimechelewa langoni, sukari ya damu inateremka chini ya 4 (mmol kwa lita), mzee anaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanapotea. Nesi mzoefu huamua kutochoma sindano mpaka aone chakula kwa macho yake. Anafanya sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba dozi ya dawa inapangwa na foleni ya getini.

Chukua aliyeungua moto. Tunao wengi: watoto waliomwagikiwa na maji au uji wa moto, watu wazima wenye kifafa walioangukia jikoni. Mwili unaojenga ngozi upya unataka protini kati ya gramu 1.5 na 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 90 kwenda juu. Sahani nzuri ya ugali na maharage inampa kama gramu 25, na yai moja gramu 6. Kikombe cha maziwa kina gramu 8. Uji mweupe uliotiwa sukari unajaza tumbo, lakini protini yake ni kidogo mno. Ndugu wakileta uji asubuhi na wali na mchuzi jioni, wamefanya kadiri ya uwezo wao, na kidonda bado hakijapata hata nusu ya kinachohitaji. Daktari atabadilisha antibayotiki, bandeji zitaisha kabati zima, wiki zitapita, na gharama ya hayo yote ni kubwa kuliko ya mayai.

Kuna na mtoto mwenye utapiamlo mkali. Yeye huanza na maziwa maalumu ya F-75, kalori 75 katika kila mililita 100, kwa vipimo vidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ukimpa mlo mzito haraka kwa huruma, madini kama fosfeti na potasiamu yanaporomoka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema mama wa mtoto huyu akanunue maziwa hayo dukani. Kwa mtoto tumekubali kuwa chakula ni dawa. Kwa nini akiwa mtu mzima tunakataa?

Mfano wa mwisho ni wa kwetu kabisa. Mtori. Hakuna familia ya Uchagani inayokuja kumwona mgonjwa bila kufikiria mtori: ndizi zilizopondwa, nyama laini, mchuzi mzito. Kwa mama aliyejifungua ni chakula kizuri sana, na mimi mwenyewe humshauri anywe. Kwa mgonjwa wa figo ambaye mwili wake hauwezi kutoa potasiamu, bakuli lilelile ni hatari, maana ndizi zina potasiamu nyingi na kwenye mtori maji ya kuchemshia hayamwagwi. Ndizi zikikatwa vipande vidogo, zikachemshwa kwenye maji mengi na maji yale yakamwagwa, potasiamu inapungua. Lakini nani amemwambia shangazi aliyepika kule Kibosho saa kumi na moja alfajiri? Hotpoti inapita getini, mlinzi anaangalia kadi tu, na mimi nafika wodini bakuli likiwa tupu.

Ushahidi wa utafiti nao upo. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali nane za Uswisi, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 2,000 waliolazwa wakiwa na dalili za lishe duni. Nusu walipewa chakula cha kawaida cha hospitali, nusu wakapangiwa mlo na mtaalamu kulingana na mahitaji ya kila mmoja. Baada ya siku 30, waliokufa katika kundi la kwanza walikuwa kama 10 kwa kila 100, na katika kundi la pili kama 7. Na huko hata kundi la kwanza lilikuwa linakula kila siku.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili kwa njia tofauti. Uingereza, ambako huduma ya taifa ya afya ilianza Julai 1948, walianza kutoza wagonjwa kwa dawa za kuandikiwa mwaka 1952, lakini mlo wa aliyelazwa umebaki bure, ingawa kila bajeti ikibana kuna anayependekeza walipe. Japani tangu mwaka 1994 mgonjwa huchangia kiasi maalumu kwa kila mlo, na kaya zenye kipato cha chini hutozwa kidogo zaidi. Ufaransa wana tozo ya siku inayojumuisha malazi na chakula. Na hatuna haja ya kwenda Ulaya: vuka Holili uingie Kenya, hospitali za umma zina majiko na mgonjwa analetewa sahani kitandani. Kigali kuna taasisi ya Solid'Africa inayopikia wagonjwa wa hospitali za umma wasio na wa kuwaletea. Kwa hiyo mchango wa mgonjwa peke yake haunitishi. Japani wanachangia na wanakula vizuri. Ninachoangalia ni pesa inakusanywa wakati gani, na mgonjwa akikosa hiyo pesa inakuwaje.

Hapo ndipo napinga kabisa kuuza sahani moja moja. Nimeona hospitali fulani ikijaribu: mhudumu anapita na toroli, kila sahani na bei yake, pesa mkononi. Bibi mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa akichukua chai na andazi asubuhi, mchana hachukui kitu, jioni chai tena. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona hali. "Nimeshiba mwanangu, sisi wazee hatuli sana." Nesi wa zamu akaninong'oneza kwamba bibi anatunza pesa ya gari la kurudi kwao. Watu wetu hawasemi hadharani kwamba hawana. Watasema wameshiba, watasema hawajisikii kula, watageukia ukutani toroli likipita. Ukimwekea mgonjwa bei mbele ya sahani, umemwachia yeye aamue kila siku kati ya kidonda chake na nauli yake, na atachagua nauli.

Malipo yakiwa ndani ya kitanda, sahani inafika kwa wote, na mazungumzo ya nani hana yanafanyika siku ya kulazwa, kwa faragha, na mtu wa ustawi wa jamii ambaye ndiyo kazi yake.

Najua swali linalofuata, kwa kuwa huulizwa kila kikao: dawa zenyewe hazitoshi, pesa ya wali itoke wapi? Ni swali la haki. Nasema tu kwamba anayepika kwa watu 300 hanunui kwa bei ya anayepika kwa mmoja. Na sisi hatupo jangwani. Mpunga unalimwa Chekereni na Kahe, chini ya mji. Maharage na mahindi yapo. Maziwa yanakusanywa na vyama vya ushirika Hai, kina mama wa Nronga ni mfano unaojulikana. Mayai yapo kila mtaa. Hospitali ikiingia mkataba na vikundi hivi, pesa ya mlo wa mgonjwa inabaki kwa wakulima wa hapahapa.

Sharti langu ni moja: jiko lipike chakula kinacholika. Hospitali ikipika ugali na maharage yaleyale siku saba, yasiyo na kitunguu, wagonjwa watarudisha sahani zimejaa na wakubwa watasema "mnaona, hawataki". Mgonjwa aliyetoka Longido apate maziwa. Asiye na meno apate kiburu (ndizi na maharage) kilicholainishwa au uji wa ulezi wenye maziwa na karanga. Wa figo apate sahani yake yenye jina lake. Na chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, maana hotpoti iliyozunguka kwenye daladala kwa muda wa saa tatu imeshakuwa makazi ya bakteria, na kuhara kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa ni balaa.

Sipendekezi kuzuia vikapu. Kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu kwetu ni aibu, na kuna mzee ambaye hatafungua kinywa mpaka aone mkono wa binti yake. Waendelee kuleta. Ila kikapu kiwe cha kuongezea, na mgonjwa asiye na kikapu asilale njaa.

Wakati wa kulisema hili ni sasa, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, na vitita vya mafao, yaani orodha za huduma ambazo bima inalipia, ndivyo vinavyoamua mgonjwa anapata nini. Mlo wa aliyelazwa uandikwe kwenye kitita kwa jina lake, kama kinavyoandikwa kipimo cha damu, na mlo wa tiba kwa figo, kisukari, vidonda na utapiamlo utajwe peke yake. Kama hautaandikwa, hakuna mganga mkuu atakayethubutu kuajiri mpishi.

Kwa wenye mgonjwa wodini leo hii: ulizeni kama hospitali ina afisa lishe, na mwombeni amwone mgonjwa kabla hamjapanga mapishi. Mwambieni nesi mgonjwa amekula nini na amebakiza nini, hata kama hajauliza. Uliza kama kuna dawa inayomezwa kabla ya kula. Mgonjwa wa insulini awekewe kitu kidogo kabatini, biskuti au juisi, kwa ajili ya siku mtakayochelewa. Chakula kilichobaki mchana msikirudie jioni. Na kama hamtaweza kuleta chakula kila siku, semeni siku ileile ya kulazwa, kwa nesi na kwa ustawi wa jamii, msingoje mpaka mgonjwa aseme ameshiba.