Kwa nini vibao 11 vya John Denver vinasikilizika kama albamu moja

Mikusanyiko mingi ya vibao ina kasoro ileile: inarukaruka. Wimbo wa kwanza ulirekodiwa mwimbaji akiwa kijana, unaofuata ameshabadilisha bendi, studio na hata namna ya kutoa sauti, na kila baada ya dakika tatu sikio linaanza upya. "John Denver's Greatest Hits", mkusanyiko wa mwimbaji wa Marekani John Denver uliotolewa na kampuni ya kurekodi ya RCA mwaka 1973, umeikwepa kasoro hiyo kwa uamuzi mmoja tu. Denver aliona kwamba nyimbo zake za mwanzo zimekua, na kwamba sasa anaziimba vizuri zaidi kuliko zilivyo kwenye santuri. Akarudi studio, akaimba upya kadhaa, zikiwemo "Leaving on a Jet Plane", "Rhymes and Reasons" na "Follow Me".

"Leaving on a Jet Plane" aliutunga mwaka 1966. Peter, Paul and Mary ndio walioufikisha namba 1 Marekani mwaka 1969, mwaka uleule Denver alipoutia kwenye albamu yake ya kwanza kwa RCA. Ukitaka kujua alichokuwa akikitafuta mwaka 1973, piga toleo lake la 1969 na hili jipya mfululizo, uyasikilize maneno ya mwisho ya kila mstari. Sauti ya mtu wa miaka 29 imejaa zaidi, haina papara ya kumaliza. Kwa wimbo wenye kodi tatu za gitaa tu, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja (kwa umbo la G, ni G, C na D), kazi yote iko pale, kwenye miisho.

Kibao kinachoufungua mkusanyiko ni "Take Me Home, Country Roads" cha 1971, alichokitunga pamoja na Bill Danoff na Taffy Nivert. Watu huusifu kwa kiitikio chake, na ni haki, kwa sababu kinaimbika na yeyote mwenye koo. Lakini siri ya wimbo haiko kwenye kiitikio. Iko kwenye kile kipande cha kati kinachokuja mara moja tu, baada ya kiitikio cha pili. Wimbo uko kwenye ngazi ya A. Ubeti na kiitikio vinazunguka kodi nne: A, F#m, E na D. Kipande cha kati kinaanza F#m, E, A, D, A, E, kisha kinarudi F#m, na hapo sikio linategemea E tena. Inakuja G. Ngazi ya A ina G#, wala haina G ya kawaida, kwa hiyo kodi hii imetoka nje ya nyumba. Nusu hatua tu kushuka, na msikilizaji anahisi kwamba kuna kitu kimemponyoka kabla hata ya kuelewa maneno. Halafu D, A, na E inayokaa muda mrefu, ikivuta hadi kiitikio kirudi.

Wapigaji wengi wanaojifunza huichukulia G hiyo kama kosa la aliyeandika kodi, wakaweka E. Wimbo hauharibiki, ila unakuwa bapa, na kiitikio cha mwisho kinafika bila kudaiwa na mtu. Kosa la pili ni mwendo. Hesabu mapigo kama 80 kwa dakika. Ukifika 95 maneno yanaanza kugongana.

Je, huu ni muziki wa folki au wa kantri? Denver alitoka kwenye folki kabisa: mwaka 1965 alichukua nafasi ya Chad Mitchell katika kundi lake la sauti tatu, Chad Mitchell Trio. Mwaka 1975 chama cha muziki wa kantri cha Marekani, CMA, kilimpa tuzo yake kubwa ya mwaka, na Charlie Rich, aliyepewa kazi ya kumtangaza mshindi, aliichoma moto karatasi yenye jina la Denver palepale jukwaani. Kwangu mimi jibu liko kwenye ala: gitaa lisilo la umeme, mara nyingi la nyuzi 12, ndilo linalobeba wimbo, na vingine vinakuja kulisindikiza. Hiyo ni tabia ya folki. Kantri iko kwenye yale anayoyaimba: njia, milima, nyumba iliyoachwa nyuma.

Mkusanyiko unafungwa na "Rocky Mountain High", alioutunga na Mike Taylor, na ambao tangu 2007 ni mmoja wa nyimbo rasmi za jimbo la Colorado. Ukitaka kuupiga, teremsha uzi wa sita, ule mnene, kutoka E hadi D. Uteremshe kupita D kidogo, kisha uupandishe hadi ukae. Ukiishia kwa kulegeza tu, uzi utaendelea kuteleza chini kabla hujamaliza ubeti. Umbo la D sasa linapigwa nyuzi zote sita, na besi inavuma chini yake kama ngurumo ya mbali. Tatizo linakuja kwenye kiitikio, panapotakiwa G: kidole kilichozoea kubana kipande cha tatu cha shingo ya gitaa kwenye uzi wa sita kitatoa F. G imehamia kipande cha tano. Asiyeweza kunyoosha vidole kiasi hicho aunyamazishe uzi huo, aanzie uzi wa tano.

Unapoutafuta mkusanyiko, angalia mambo mawili: mwaka 1973 na idadi ya nyimbo, 11. Jina "greatest hits" limebandikwa kwenye mikusanyiko yake mingi, na mingine imejaa matoleo aliyoyarekodi miaka mingi baadaye au ya jukwaani. Na usishangae kuikosa "Annie's Song". Ilitoka mwaka 1974, mkusanyiko ukiwa tayari madukani. Iko kwenye juzuu ya pili, ya 1977, pamoja na "Thank God I'm a Country Boy".