"Laiti Mzee Asingeuza Land Rover": Maneno Ninayoyasikia Gereji na Ukweli Wake

Wiki iliyopita nilikuwa chini ya gari, mgongo kwenye kipande cha boksi, simu ikaita. Mtu wa Makambako. Salamu zenyewe alizipitia juu juu. "Fundi, umeona? Land Rover imeuzwa pauni laki nne! Na sisi la mzee tuliliuza mwaka 1991 kwa bei ya kutupa." Nikamwambia angoje nitoke kwanza. Nilipotoka nilikuwa nimeshakasirika, maana alikuwa wa tatu mwezi huu, na wote wametumiwa picha ile ile kwenye makundi ya WhatsApp.

Gereji yangu iko Mbeya, karibu na Mafiati, jina ambalo kwa mtu wa magari halihitaji maelezo. Nimeshika spana tangu 1988, na mengi ya magari yaliyopita mikononi mwangu ni Land Rover: za misheni, za mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, za wachimbaji wa Chunya, za wazee waliokuwa wakishusha viazi kutoka Makete masika, basi likiwa limelala njiani. Nayapenda magari haya kupita kiasi, mama watoto ni shahidi. Kwa hiyo asije mtu akasema fundi anadharau.

Hiyo ya pauni laki nne ni kweli, ila ni habari ya Desemba 2015. Gari lenyewe lilikuwa Defender iliyohesabiwa kuwa ya milioni mbili kutoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, ukianzia Land Rover za kwanza za 1948. Liliundwa moja tu la namna hiyo, kampuni ya mnada ya Bonhams ikalipiga mnada London, na fedha zikaenda kwenye misaada: Msalaba Mwekundu na shirika la wanyamapori la Born Free. Mnunuzi alilipia namba, na alilipia hisani. Sasa rudia kusoma: ya milioni mbili. Maana yake kabla yake kulikuwa na nyingine milioni moja, laki tisa, tisini na tisa elfu, mia tisa tisini na tisa. La mzee lilikuwa mojawapo kati ya hizo.

Watu wameshika kwamba umri ndio bei. Umri ungekuwa bei, vyuma vilivyolala nyuma ya gereji yangu vingeshanijengea ghorofa. Gari linapanda kwa sababu yaliundwa machache, yaliyobaki mazima ni machache zaidi, hilo lako lina karatasi zinazoeleza lilikotoka, halijachezewa, na kuna watu wenye fedha ambao wamelitamani tangu wakiwa watoto. Ikikosekana moja, bei inayumba. Zikikosekana tatu, una usafiri mkuukuu, basi.

Wakishindwa kwenye Land Rover wananiletea Ferrari. Sawa, twende huko huko. Ferrari 250 GTO ziliundwa 36, kati ya 1962 na 1964. Ikiwa mpya iliuzwa dola 18,000 hivi. Mwaka 2018 moja ilinunuliwa mnadani Monterey, California, kwa dola milioni 48.4. Hapo kila mtu anashika kichwa, anasema laiti. Lakini kuna kipande cha hadithi ambacho hawakitumi. Miaka hiyo ya 1960, moja kati ya hizo 36 ilipewa shule ya sekondari huko Victoria, Texas, wanafunzi wajifunzie ufundi. Mwaka 1972 shule ikaiuza kwa dola 6,500. Aliyeinunua akaiacha juu ya trela huko Ohio miaka na miaka, mvua yake, jua lake. Walimu wale hawakuwa wajinga. Kwa siku zile lilikuwa gari la mashindano lililopitwa na wakati, la kelele, lenye spea za shida, na hapakuwa na mtu mlangoni mwenye milioni mkononi. Anayewacheka leo anasoma gazeti la kesho yao.

Na wenye fedha nao wameungua. Mwaka 1989 GTO moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 13. Katikati ya miaka ya 1990 zilikuwa zinapatikana kwa karibu milioni 3. Aliyenunua kileleni kwa mkopo huyo ndiye wa kuhurumiwa.

Siku moja jioni nilikaa na kikokotoo cha simu. Dola 18,000 kuwa milioni 48.4 katika miaka 56 ni kama asilimia 15 kwa mwaka. Ni nyingi, sikatai. Lakini hapo hujatoa bima, hujatoa mahali pa kulilaza, hujatoa fundi, na fundi wa Ferrari si mimi. Na hilo ni miongoni mwa magari yaliyopanda kuliko yote duniani. Yale maelfu yaliyonunuliwa mwaka ule ule yakaishia kuyeyushwa, nani anatuma picha zake?

Tuje nyumbani, maana hapa ndipo hesabu inapowapiga chenga watu. Mama mmoja alikuja kutoka Iringa na Land Rover 109 ya marehemu baba yake. "Kamwene, fundi." Akafungua bahasha, akatoa kadi na risiti ya mwaka 1970: shilingi 20,000. Kuna mtu wa Dar es Salaam alikuwa amempa ofa ya milioni nane. "Mara mia nne, fundi! Niuze au nisubiri?"

Nikachukua chaki, nikaandika kwenye mlango wa stoo. Mwaka 1970 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Elfu ishirini ya mzee ilikuwa dola 2,800. Milioni nane ya leo, kwa viwango vya karibuni, ni dola elfu tatu hivi. Halafu dola yenyewe haikusimama: kilichonunuliwa kwa dola moja mwaka 1970 leo kinataka kama nane. Ili arudishe tu thamani aliyoweka mzee, bila faida hata ya soda, alihitaji zaidi ya dola elfu ishirini na mbili. Mara mia nne ikageuka hasara pale pale mlangoni.

Mama aliutazama ule mlango muda mrefu, kisha akaniuliza hiyo saba na senti kumi na nne nimeitoa wapi. Nikamwambia ilikuwa bei ya serikali, ilikaa hapo hapo miaka kadhaa, amuulize mzee yeyote aliyekuwa karani wakati huo. Akasema, "Kwa hiyo baba alipata hasara?" Nikamwambia hapana, mama. Lile gari lilibeba mbao na mahindi miaka thelathini. Ninyi watoto saba mmesoma kwa gari lile. Mzee alishakula faida yake zamani. Kilichobaki ni makombo, nawe unataka makombo yawe sherehe. Labda nilisema kwa ukali kidogo. Lakini hakuuza, na mwezi uliofuata alileta fedha ya breki.

Yule wa Makambako nilimuuliza mzee alifanyia nini fedha ya 1991. Akanyamaza kidogo. "Ada," akasema. "Yangu na ya dada." Nikarudi chini ya gari.

Sasa, kama kuna nafasi iliyopotea kweli, nimeiona kwa macho yangu, na haikupotezwa na wazee. Kijana alinijia kutoka upande wa Vwawa, anatabasamu, ana Series I, toleo la kwanza kabisa la Land Rover, ile ya inchi 80 kati ya tairi la mbele na la nyuma. Hizo ni za 1948 hadi 1953, na huko nje wapo watu wanaozitafuta kwa tochi mchana. Nilipoiona getini moyo ulinidunda. Ilipokaribia nikatafuta dumu nikakaa. Nyekundu ya kung'aa. Puti kila kona, nene kama uji wa ulezi. Boneti ikifunguliwa, injini ya Toyota. Kibati cha kiwandani chenye namba ya gari kimeng'olewa ili rangi ikae vizuri. "Injini yake iko wapi, mwanangu?" Vyuma chakavu, kwa kilo. "Kijani chake cha kiwandani je?" Walikisugua kwa msasa siku mbili. Alikuwa ametumia akiba yake yote kuliharibu, akiamini kwamba likipakwa upya linapanda bei.

Kwa gari la kazi, weka injini ya Toyota, sina ugomvi, hata mimi nafunga. Anayepanda mlima Kitonga na mzigo hahitaji historia. Lakini mkusanyaji analipia kile kilichotoka kiwandani. Rangi iliyochujuka lakini ni ya kwanza, kwake ina thamani kuliko rangi mpya ya kupuliza. Land Rover wenyewe walipoanza mwaka 2016 kukarabati Series I za kuuza, kazi yao kubwa ilikuwa kuzirudisha kama zilivyozaliwa. Kwa hiyo ukilikuta gari la zamani bandani, usiguse rangi. Kinyesi cha kuku kioshe kwa maji na kitambaa laini, halafu weka mikono mfukoni mpaka aje mtu anayejua.

Na kuna maneno mengine ninayoyasikia gereji. "Bodi ya Land Rover haishiki kutu, kwa hiyo haliozi." Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayokula watu. Bodi ni ya aloi ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Lakini chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma. Aloi ikigusana na chuma penye unyevu, vinalana vyenyewe. Kwa mvua za Tukuyu chesisi inaoza kutoka ndani, nje unaona rangi safi. Chukua nyundo ndogo, ugonge polepole mwisho wa nyuma kabisa na mikono inayoshika bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boksi.

"Nimeliegesha tu, halitumiki, halichakai." Gari lisilotembea linakufa taratibu. Oili ya breki inanyonya unyevu, silinda zinashika, sili zinakauka, petroli inageuka gundi kwenye kabureta, panya wanahamia kwenye nyaya. Na tafadhali, kuliwasha dakika tano kila Jumamosi likiwa limesimama si dawa. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko panya. Injini haipati joto la kutosha, maji yanabaki ndani ya ekzosi na kwenye oili. Litembeze. Mbeya hadi Uyole na kurudi, breki uzikanyage kweli, gia zote uziguse.

"Peugeot 404 ya babu ina thamani, gari hizi zilishinda Safari Rally." Zilishinda, tena mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968, na mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Lakini thamani ni ya gari lile lile lililokimbia, lenye ushahidi wa kwamba ndilo. La babu lilikuwa linakwenda kanisani. Litunze kwa sababu ni la babu.

"Mzungu atanunua tu." Kuna kanuni ya Marekani inayoruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kufikia viwango vyao vya usalama, na watu wakishasikia hivyo wanadhani meli inawasubiri bandarini. Kanuni inaruhusu kuingia, hailazimishi mtu kununua. Usukani wetu uko kulia, wao wanaendesha kushoto mwa gari. Kuna nauli ya meli. Na ukipata mnunuzi wa intaneti ambaye hajauliza hata namba ya chesisi lakini anataka umtumie kwanza fedha ya "kibali", huyo hanunui gari, anakununua wewe.

Mnunuzi wa kweli utamjua kwa maswali yake, na swali la kwanza ni kadi. Namba kwenye kadi, namba iliyogongwa kwenye chesisi, namba ya injini: zilingane. Hapa kwetu chesisi zimekatwa na kuunganishwa, injini zimehama gari hadi gari tangu miaka ile ya 1980 spea zilipokuwa hazipatikani, na kadi nyingine bado ina jina la mtu aliyezikwa kabla mjukuu hajazaliwa. Mirathi haijafunguliwa, ndugu watano hawasemezani, halafu unaniuliza bei. Malizeni kwanza kikao cha ukoo.

Kama baada ya yote haya bado unaamini la kwenu ni lile moja, njoo. Asubuhi, kabla sijaingia chini ya gari la mtu. Njoo na kadi, tochi, na ile nyundo ndogo. Picha za simu usinitumie, ninazo za kutosha: zote zimepigwa upande usiooza.