Ukakamavu wa Vipandikizi na Kuunga kwa Mfupa Baada ya Upasuaji wa Uti wa Mgongo

Je, katika upasuaji wa kuunganisha pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, vyuma ndivyo vinavyoziunganisha?

Hapana. Vipandikizi, yaani skrubu, fito na keji (kizimba kidogo kinachowekwa mahali pa diski iliyoondolewa kati ya pingili), huzituliza pingili tu. Kazi ya kuunga ni ya mfupa wenyewe, ukisaidiwa na mfupa uliopandikizwa, nayo huchukua miezi mingi, mara nyingi kati ya 6 na 12. Mfupa usipounga, hata vyuma imara huweza kulegea au kukatika kwa kupindwapindwa kila siku.

Kwa nini basi kisichaguliwe kipandikizi kikakamavu kuliko vyote, yaani kisichopindika kwa urahisi?

Kwa sababu mfupa ni tishu hai inayojijenga kulingana na mzigo inaoubeba, kama alivyoeleza daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892. Kipandikizi kikakamavu mno huuchukua mzigo huo, na mfupa wa jirani, kwa kukosa kazi, huanza kupungua. Keji ya namna hiyo huweza pia kuzama ndani ya pingili, hasa za mgonjwa ambaye mifupa yake imepoteza madini. Kipandikizi kinyumbufu mno nacho kina hatari yake: pengo kati ya pingili likichezacheza kupita kiasi, mahali pa mfupa huota tishu ya nyuzi, ambayo huhimili mnyumbuko ambao mfupa mchanga hauwezi.

Ipi bora, titani au plastiki?

Aloi ya titani ina ukakamavu wa takriban gigapaskali 110, tabaka gumu la nje la mfupa halizidi sana 20, na plastiki ya kitabibu iitwayo PEEK ina kama 3 hadi 4. Kwa tarakimu hizo plastiki, iliyo karibu zaidi na mfupa, ingeonekana kushinda, lakini mfupa haushikamani vizuri na uso wake laini, ilhali hushikamana na titani. Ndiyo maana zimebuniwa keji za titani zenye vitundu, ambavyo hupunguza ukakamavu na kuuachia mfupa nafasi ya kuota ndani. Umbo nalo lina uzito ambao wengi huusahau: fito yenye kipenyo maradufu hukinza kupindwa mara 16 zaidi, ingawa imetengenezwa kwa madini yaleyale.

Mgonjwa amuulize nini daktari wake?

Aulize kama atapimwa msongamano wa mifupa kabla ya upasuaji, na aeleze bila kuficha iwapo anavuta sigara au anatumia dawa za steroidi, kwani vyote viwili huchelewesha mfupa kuunga, kipandikizi kiwe cha aina yoyote.