Dirisha la urembo kwenye paa la boti ya mfereji: yasemwayo na yaliyo kweli

Mifereji ya Uingereza ndiyo iliyoamua umbo la boti zake. Vyumba vya maji vya kupandishia na kushushia boti, kama vile alivyovibuni mhandisi James Brindley kwenye mfereji wa Trent na Mersey katika karne ya 18, vilijengwa kwa upana wa futi 7 hivi. Ndiyo maana boti inayotaka kupita humo haizidi upana wa mita 2.1, ingawa urefu wa baadhi yake hukaribia mita 21. Leo maelfu ya watu wanaishi humo mwaka mzima, kiangazi na baridi. Ni nyumba nyembamba, imekaa chini ya ukingo wa mfereji, na kila anayeishi humo hutamani mwanga zaidi. Dirisha la paa lenye vioo vya rangi huupata mwanga huo na kuipamba nyumba kwa wakati mmoja. Ila mengi yanayosemwa kuhusu kulitengeneza si kweli, na fundi akiyafuata, boti ndiyo inayoumia.

"Madirisha ya pembeni yanatosha, la paani ni pambo tu"

Siku ya mawingu, ambayo huko ni siku nyingi, anga la utosini hung'aa takribani mara 3 kuliko anga la upeoni. Hicho ndicho kipimo wanachotumia wataalamu wa mwanga wanapopigia hesabu anga lililofunikwa. Dirisha la pembeni linatazama upeo huo hafifu, tena mara nyingi halipati hata huo, kwa kuwa mbele yake kuna ukingo wa udongo, vichaka, au ubavu wa boti jirani. Tundu la sentimita 60 kwa 60 likitazama juu hubadilisha chumba kizima. Mabaharia wa boti za mizigo walilijua hili zamani. Juu ya chumba cha injini waliweka kisanduku chenye vifuniko viwili vilivyoinama kama paa la nyumba, chenye vioo vya duara, cha kuingiza mwanga na kutoa joto la mashine. Wenyewe hukiita sanduku la njiwa, na hadi leo ndilo umbo ninaloliona zuri kuliko yote.

"Limevuja, liguseni tena kwa silikoni"

Hapa ndipo penye kosa kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Asubuhi ya Januari mwenye boti anaamka, mto umelowa, matone yananing'inia chini ya kioo. Anapanda juu na mkebe wa silikoni, anapaka pande zote nne. Kesho yake matone yapo palepale. Maji yale hayakutoka nje. Yametoka ndani: kwenye pumzi, kwenye sufuria, kwenye taulo linalokauka karibu na jiko. Gesi yenyewe huzaa maji inapowaka. Kilo 1 ya gesi ya propani hutoa zaidi ya kilo 1.6 za maji kama mvuke. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kuacha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 12 au chini ya hapo, na kioo cha tabaka moja juu ya boti usiku wa baridi hushuka chini ya hizo nyuzi 12 bila shida. Fremu ya chuma iliyounganishwa moja kwa moja na paa la chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu hupitisha baridi kuliko hata kioo.

Namna ya kujua ni rahisi. Kausha kila kitu, kisha angalia siku ya mvua isiyo na baridi. Pakibaki pakavu, huna tundu, una mvuke. Dawa yake ni tabaka mbili za kioo zenye nafasi ya hewa kavu katikati, kingo za chuma zilizofunikwa kwa mbao upande wa ndani ili ubaridi usifike chumbani, mtaro mdogo uliochongwa kwenye fremu kupokea matone machache yatakayobaki, na njia ya mvuke kutoka. Bila njia hiyo hata kioo cha bei ghali kitatokwa jasho.

Silikoni ninaikataa kwa sababu nyingine pia. Ile ya kawaida yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka na huweza kuanzisha kutu kwenye chuma. Tena rangi haishiki juu yake, na mabaki yake huwa taabu kuyaondoa siku unapotaka kutengeneza upya. Utepe laini wa butili, aina ya mpira unaonata, chini ya fremu, au gundi ya polyurethani ya baharini, hufanya kazi bora, mradi chuma kimepakwa kwanza rangi ya msingi ya kuzuia kutu.

"Dirisha likifunguka, hewa imetosha"

Hapana, na hili linahusu uhai. Kifuniko kinachofungwa usiku wa baridi hakihesabiwi kuwa tundu la hewa. Boti yenye jiko la makaa au la gesi inahitaji matundu ya kudumu yasiyofungika. Mpango wa usalama wa boti wa huko, Boat Safety Scheme, tangu Aprili 2019 unadai pia king'ora cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kwenye boti zenye vyumba vya kuishi. Sanduku la njiwa laweza kuchongewa matundu hayo ya kudumu chini ya mbavu zake, mahali mvua isipofika, na hapo urembo na usalama vinakaa pamoja.

"Kioo cha rangi cha kanisani hakina neno, kiweke kama kilivyo"

Vipande vya kioo vilivyoshikwa kwa reli za risasi, ile metali laini, vilibuniwa kusimama wima ukutani. Ukivilaza, risasi huanza kubonyea polepole kwa uzito wake, hasa jua la Juni likiipasha. Puti iliyojazwa kwenye reli hukauka na kupasuka, mtikisiko wa injini ya dizeli huiharakisha, na mvua hupenya. Zaidi ya hapo, kipande kikivunjika kinaangukia vichwa vya watu waliokaa mezani.

Fundi mzuri hutenganisha kazi mbili. Juu anaweka kioo cha tabaka, aina ileile ya kioo cha mbele cha gari, ambacho kikipasuka hubaki kimeshikwa na utando wa katikati. Cha milimita 6.4 hupatikana madukani kwa wauza vioo. Hicho ndicho paa. Chini yake, katika fremu yake ya mbao, ananing'iniza kioo cha rangi kinachoshikwa na vibanzi vya kuzungusha, ili kishuke kwa kusafishwa. Pembeni huacha nafasi ndogo hewa ipite. Fremu ya rangi ikiwa kubwa, hupitisha fimbo nyembamba ya chuma kuibeba risasi isilegee. Kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama cha mlango wa gari, nacho kina nguvu, lakini hakikatwi baada ya kuimarishwa. Ukikosea kipimo umenunua kingine.

Kuhusu rangi nina maoni yangu, nayo nayashikilia: usijaze rangi nzito. Nyekundu na buluu iliyokolea hunywa mwanga uliokata paa kuutafuta. Katikati acha kioo cheupe au cha asali hafifu, rangi kali zikae ukingoni. Yale maua ya waridi na ngome, mapambo yanayotambulisha boti za mifereji tangu karne ya 19, yanapendeza kwenye mbao za fremu na upande wa ndani wa vifuniko. Yakiwa juu ya kioo, rangi ya kawaida ya brashi hupauka kwa jua na kubanduka kwa unyevu. Rangi inayodumu kwenye kioo ni ile iliyochomwa tanurini, kwenye joto linalozidi nyuzi 600. Risasi ni sumu: ukiifanyia kazi, nawa mikono kabla ya kula, usilehemu jikoni, na usisugue reli kwa msasa mkavu.

"Kile kioo kinene cha duara hakina madhara"

Kioo kilichobinuka hukusanya miale ya jua mahali pamoja. Kikiwa juu ya kitanda au kochi, jua la chini la majira ya baridi laweza kuunguza kitambaa hadi kikawaka, na tahadhari za usalama zimetolewa huko kuhusu boti zilizoungua hivyo. Ukipenda umbo la duara, chagua kioo bapa au kilichotiwa ukungu.

"Plastiki ngumu ni sawa na kioo, ila nyepesi"

Polikaboneti haivunjiki kirahisi, kweli. Lakini inakwaruzika, na inatanuka mno: bao la mita 1 hubadilika zaidi ya milimita 3 joto likitoka nyuzi 5 chini ya sifuri hadi 45, wakati chuma cha urefu huo hubadilika milimita 0.6 tu. Ukiibana kwa skrubu bila kupanua matundu, itapinda au kupasuka.

"Ukikata paa umeiua boti"

Paa la boti ya kisasa ni bamba la chuma, mara nyingi la milimita 4, lililobebwa na mbavu za kukatiza. Tundu lililo kati ya mbavu mbili, lenye pembe za mviringo na ukuta mfupi wa chuma uliochomelewa kulizunguka, huliacha paa likiwa imara. Ukilazimika kukata ubavu, rudishia nguvu kwa vipande vya chuma vya pembeni kabla hujaukata. Hatari ya kweli iko kwenye moto. Boti nyingi zimepuliziwa povu la kuzuia joto chini ya paa, na povu hilo likipata moto hutoa moshi wenye sumu kali. Liondoe mbali na mahali pa kuchomelea, weka mtu ndani mwenye kizimamoto, na akae humo muda mrefu baada ya kazi kwisha. Grinda nayo hurusha cheche zinazojichimbia kwenye rangi na vioo, kisha zikaota kutu. Msumeno wa umeme wenye meno ya chuma unachelewa kidogo lakini hauachi majeraha.

"Mbao yoyote ngumu itafaa ukiipaka vanishi"

Mwaloni, mbao wanayoipenda huko, una asidi inayogombana na chuma: skrubu ya kawaida ikilowa huacha doa jeusi. Tumia skrubu za shaba ya manjano au za chuma kisichoshika kutu. Mafundi wengi wa boti wa Uingereza wanatumia pia mvule, mti uleule wa Tanzania, Kenya na Uganda, ambao sokoni kwao unaitwa iroko. Ni chaguo zuri: hauozi upesi na hautikisiki sana kwa unyevu. Seremala wetu anaujua na kasoro zake, yale mawe madogo ndani ya mbao yanayovunja makali ya randa, na vumbi linalowasha ngozi na kifua. Vaa barakoa. Vanishi pekee juu ya paa haikai. Inahitaji kuguswa upya kila mwaka, na wengi wanaona heri kupaka rangi.

"Sentimita chache za kimo hazina maana"

Handaki la Harecastle, Staffordshire, lililojengwa na mhandisi Thomas Telford na kufunguliwa mwaka 1827, lina mahali ambapo nafasi kati ya maji na dari ni takribani mita 1.75 tu. Pima kimo cha boti yako kutoka majini ukiwa na tangi tupu la maji, kwa kuwa hapo pua huinuka. Dari za mahandaki na madaraja ni za upinde, kwa hiyo dirisha liwe kwenye mstari wa katikati na mbavu zake ziiname. Mwinamo huo unasaidia pia kamba ya katikati, inayopita juu ya paa kila unapofunga boti: pembe kali huikamata, nayo hung'oa kifuniko au kumvuta mtu majini. Kisha simama nyuma, mahali pa usukani, uhakikishe sanduku halikufichi mtumbwi ulio mbele.

Kazi ikikamilika, usifunge mbao za dari bado. Mwagia maji kwa mpira, kuanzia chini ya fremu ukipanda juu taratibu, huku mwenzako akitazama ndani kwa tochi. Fanya hivyo boti ikiwa imelala upande mmoja kidogo, kisha upande wa pili, kwa kuwa boti iliyofungwa ukingoni haisimami sawa na maji hutuama mahali ambapo juzi palikuwa pakavu.