Mtazamo wa dunia si mtazamo wa kidunia

Mara ya kwanza neno "mtazamo wa kidunia" nililisikia redioni, nikanyamaza. Mara ya pili lilitoka mimbarini, nikainamisha kichwa. Mara ya tatu ilikuwa kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi ya kanisa huku Masasi. Mwalimu wa dini alieleza kwamba darasa la tano na la sita watajifunza dini na mitazamo ya dunia. Mzee wa kanisa mmoja akasimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele yake, akasema: "Mwalimu, sisi tunalipa ada mtoto afundishwe neno la Mungu. Leo mnatuletea mitazamo ya kidunia?" Watu wakapiga makofi. Mwalimu naye, maskini, akajibu, "Wazazi, mitazamo ya kidunia si mibaya," na hapo akawa amejimaliza mwenyewe.

Maana yenyewe si ngumu. Mtazamo wa dunia ni ile picha kubwa aliyonayo mtu kichwani kuhusu maisha yote: tumetoka wapi, nani ana kauli ya mwisho, jema ni lipi, mtu akifa anakwenda wapi. Mkristo anao, Mwislamu anao, asiyesali popote anao. Wengi hatujawahi kuutamka, tunaishi nao tu. Basi, hiyo ndiyo maana.

Kilichoniudhi ni ile *ki*.

Silabi hiyo moja inabadilisha kila kitu, na sisi tuliozaliwa na lugha hii hatupaswi kuelezwa. Akili ya mtoto si akili ya kitoto. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwa na akili inayokushangaza, na mtu mzima mwenye mvi akawa na akili ya kitoto. Chakula cha Mzungu si chakula cha Kizungu: Mzungu akikaa Newala miaka miwili, chakula chake kinaweza kuwa ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, na hakuna atakayeiita ming'oko chakula cha Kizungu. Bila *ki* unasema kitu kinamhusu nani au kinahusu nini. Ukiiweka, unasema kina tabia gani. Kwa hiyo mtazamo wa dunia ni namna ya kuitazama dunia, na mtazamo wa kidunia ni mtazamo wenye tabia za dunia. Na kanisani kila mtu anajua tabia za dunia ni zipi.

Hapo simlaumu mzee. Neno *dunia* lilikuja kwetu likiwa na mzigo wake. Kwa Kiarabu *dunya* ni ya karibu, ya chini, na mwenzake ni *akhera*, yaani ya mwisho, ile ya baadaye. Waliokuwa wakiswali Kilwa Kisiwani karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza kukanyaga Masasi waliyajua maneno hayo mawili kama pacha. Wakristo walipokuja tukalirithi neno pamoja na mzigo wake. Mtu "amerudi duniani" maana yake ameacha kusali. "Nyimbo za kidunia" ni zile ambazo kwaya haiimbi.

Halafu angalia jambo hili, ambalo mzee wangu wa kanisa angelipenda. Katika Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumekulia, Injili ya Yohana 3:16 inasema Mungu aliupenda *ulimwengu*. Ukifungua waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya pili, unaambiwa usiipende *dunia*. Kwa Kigiriki ni neno moja, *kosmos*. Watafsiri walipofika kwenye upendo wa Mungu wakachagua ulimwengu, na walipofika kwenye onyo wakachagua dunia. Sidhani walikosea. Walikuwa na masikio. Ndiyo maana ningekuwa mimi mwalimu yule, ningesema *mitazamo ya ulimwengu* tangu mwanzo, na kikao kingeisha kabla ya saa sita. (Ingawa ulimwengu nao una ndugu zake, *walimwengu*, wanaojulikana kwa kuwasema watu.)

Tatizo jingine liko kwenye *wa*. Ukisema mtazamo wa mwalimu, mwalimu ndiye anayetazama. Basi ukisema mtazamo wa dunia, msikilizaji ana haki ya kudhani dunia ndiyo inayotazama, kana kwamba ni Umoja wa Mataifa umekaa kikao. Wajerumani, ambao dhana hii imetoka kwao, waligandisha maneno mawili wakapata *Weltanschauung*, na Immanuel Kant alilitumia mwaka 1790. *Welt* ni dunia, *Anschauung* ni kule kutazama. Wao hawahitaji *wa*. Sisi tunaihitaji, kwa hiyo tunavumilia utata kidogo.

Na kuna wale wanaokukata kauli kwa kusema "huo ni mtazamo wako tu." Wanamaanisha maoni. Maoni yametoka kwenye kuona, na mtazamo kwenye kutazama, na hivyo viwili havilingani. Unaweza kutazama usione. Maoni yangu kuhusu bei ya korosho msimu huu yanaweza kubadilika mnada ujao. Mtazamo ni pale niliposimama wakati natazama, na mtu hahami pale kwa mnada mmoja.

Pengine makofi yale yalikuwa na sababu nyingine, nayo ni historia. Shule za misheni zilitaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Tangu hapo wengi wetu tulisoma shule za serikali ambako kipindi cha dini kilikuwa kipindi cha kugawanyika. Kengele inalia, Wakatoliki chumba hiki na katekista wao, Waanglikana kile, Waislamu na ustadh chini ya mwembe. Kila mmoja alifundishwa ya kwake na mtu wake. Hivyo ndivyo tulivyoelewa neno "dini" shuleni: mtoto analelewa katika imani ya nyumbani kwao. Kazi hiyo ni nzuri na ina jina lake, katekesi kwa Wakristo, madrasa kwa wenzetu. Somo alilokuwa akilieleza mwalimu ni jingine. Humo wote wanakaa pamoja, wakiwemo watoto wa Kiislamu ambao shule za kanisa huku kwetu hazijawahi kuwakosa, na wanajifunza jirani anaamini nini na kwa nini. Huko Uingereza, tume iliyoangalia elimu ya dini ilipendekeza mwaka 2018 somo lenyewe liitwe Dini na Mitazamo ya Ulimwengu, ili wasio na dini nao waonekane kwamba wana mahali wanaposimama wanapotazama.

Lakini hatukuhitaji kungoja Uingereza. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, aliwakuta Wamakua, Wayao na Wamwera na jando lao. Wamisionari wengi wangepiga marufuku na kuita upagani. Yeye aliliangalia akaona si ngoma na kisu tu. Ndani yake mlikuwa na jibu la nani ni mtu mzima, nani ni mkubwa wako, na waliokufa wana neno gani kwa walio hai. Akaanzisha jando la Kikristo: ibada zikabaki, mapadri wakaingia, yasiyopatana na imani yakatolewa. Unaweza kubishana naye, na wengi walibishana, wengine wakisema amekumbatia mno, wengine wakisema ameteka cha watu. Ila alijua kwamba huwezi kumfundisha mwari imani mpya kama hujui tayari anasimama wapi.

Na huwezi kujua kama hujauliza. Mtoto akifa kijijini, mmoja anasema malaria, wa pili anasema amri ya Mungu, wa tatu anamtazama shangazi kwa jicho la pembeni. Mara nyingi watatu hao ni mtu mmoja, kwa nyakati tofauti za siku hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la sita anayaona yote hayo msibani. Kwa nini asiyaone darasani, mbele ya mwalimu aliyebatizwa?

Baada ya kikao nilimkuta mzee kivulini akisubiri bodaboda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwambia, "Mzee wangu, mwalimu hakusema *ya kidunia*. Alisema *ya dunia*."

Akafikiri. "Kwa hiyo ile *ki* niliiweka mimi?"

"Uliiweka wewe, mzee. Mwalimu akaiokota."

Akacheka, akapanda pikipiki, akauliza akiwa tayari ameshika bega la dereva: "Na hayo ya kidunia, wanafundishwa wapi?"

Nikamwambia yale hayana kipindi.