Kuipokea zana ya kidijitali ya afya ya akili: maana yake nini?

Zana ya kidijitali ya afya ya akili ni programu ya simu au tableti inayomsaidia mhudumu kupima dalili, kumfuatilia mgonjwa au kuzungumza naye akiwa mbali. Kuiweka kwenye tableti ni kazi ya dakika 5. Kuipokea ni habari nyingine: muuguzi aitumie siku ambayo foleni imefika nje, hakuna msimamizi anayemchungulia, na ajue la kufanya na jibu alilopewa.

Chukua PHQ-9, dodoso la sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, "depression") lililochapishwa mwaka 2001. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Ikifika 10, mgonjwa huchunguzwa zaidi. Tableti hujumlisha yenyewe, na semina nyingi huishia hapo. Sasa tazama swali la 9, linalouliza kama mtu amewaza kwamba heri afe au ajidhuru. Mama aliyevuka na feri kutoka Likoni anaweza kupata jumla ya 6 tu, ilhali hapo amejibu "siku kadhaa". Nani atakaa naye, chumba kipi, na daktari yupi atapigiwa simu saa hiyo hiyo? Mhudumu asiye na majibu haya ataikwepa tableti, na mimi simlaumu.

Halafu kuna lugha. Mombasa ni wachache watakaokuambia wana sonona. Utasikia "nina mawazo", "roho yangu nzito". Maswali yakisomwa kama mtihani, hujibiwa "hapana" mara tisa. Kwa hiyo mafunzo yawe ya kuigiza: mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, maswali yaulizwe kwa sauti mpaka yatoke kama mazungumzo.

Simu nayo mara nyingi ni ya nyumba nzima. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini shemeji anayesoma ujumbe wa "kliniki ya akili" haijui sheria hiyo. Muulize mgonjwa kwanza nani mwingine hushika simu yake, kisha andika tu, "Miadi yako ni Jumanne."

Kinachoua zana upesi kuliko vyote ni kuandika mara mbili: tableti, halafu rejista ya karatasi. Mkuu wa kliniki asipoamua kipi kiondoke, tableti italala kwenye droo, chaji imekwisha, na hakuna atakayeiulizia.